Unyoya wa Kushoto

Beseni lake lilikuwa la buluu, la plastiki, lenye ufa mdogo ukingoni uliozibwa kwa lami, na maji yake yalikuwa ya chumvi. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kufunga aproni, Fundi alimimina jagi moja la maji, akafungua kikaratasi cha chumvi alichotoka nacho nyumbani, akakoroga kwa kidole, akaonja, akafikiri, akaongeza kidogo. Hakuwahi kuonja bahari maishani mwake. Siku moja nilimuuliza alikuwa akilinganisha na nini.

“Na jasho,” alisema. “Ukitoka shamba, ramba mkono yako. Bahari ni hiyo tu, sema ni nyingi.”

Karakana yetu ilikuwa mjini Machakos, nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja na vumbi la unga lililopenya kila mahali. Humo ndani wanawake walikaa safu mbili, kila mmoja na kibano chake cha chuma cha kushikia ndoano mezani, wakifunga vyambo vya kuvulia samaki wakubwa wa maji ya joto. Vyambo hivyo havina nyama wala mnyoo. Ni ndoano, uzi, gundi na manyoya, vitu vilivyofungwa kwa namna ya kumfanya samaki aone samaki mdogo. Mvuvi huvirusha kwa fimbo ndefu nyepesi na uzi mzito unaopepea hewani kabla ya kutua. Sisi tuliviita nzi, ingawa vingine vilikuwa na urefu wa kiganja, na tulivitaja kama vitu hai: nzi huyu, nzi wale, nzi amelala vibaya. Nzi wa Fundi walikuwa wa sulisuli, yule samaki mwenye tanga mgongoni na mdomo kama mkuki. Walikuwa weupe na waridi, na nyuzi za kumetameta tumboni.

Kwa nini chumvi? “Hawa wanaenda mahali pa chumvi,” alisema. “Si vizuri wafike wakiwa wageni.”

Wenzake walinung’unika. Mji ulikuwa na siku za mifereji mikavu, na maji yaliyotiwa chumvi hayafai kuoshea vikombe. Lakini hakuna aliyethubutu kuyamwaga. Niliwahi kumwona mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko wote mle ndani akilizunguka beseni lile kwa hatua za pembeni, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Mikono yake aliiita wasichana. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado umeshika vilima vya Iveti, alikikumbatia kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili bila kukinywa. “Wasichana, amkeni,” aliwaambia. Kulikuwa na msichana wa kulia, ambaye kwa maelezo yake alikuwa na bidii lakini hana akili, na wa kushoto, mvivu mwenye akili nyingi. Kazi ikienda vizuri aliwasifu wote wawili. Uzi ukikatika alimwuliza wa kulia ana haraka ya kwenda wapi, ameitwa na nani. Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Baadaye nilijikuta nikimjibu kwa niaba ya mkono wake.

Mimi nilikuwa mkaguzi. Nilikuwa nimemaliza chuo na cheti kisichojua njia ya kwenda popote, nikapewa rula ya chuma, taa ya meza na chumba kidogo cha kufungia pakiti. Kila jioni sinia za nzi zililetwa kwangu, na juu ya kila nzi nilitamka neno moja kati ya mawili. Amepita. Au: arudi. Meneja, mtu mpole aliyevaa fulana nadhifu na kuogopa barua za wateja, alikuwa ameniambia siku ya kwanza kwamba nzi wote wa pakiti moja lazima wawe mapacha. Urefu mmoja, unene mmoja, kulia sawa na kushoto.

Nzi wa Fundi hawakuwa sawa kulia na kushoto. Unyoya wa kushoto daima ulikaa chini kidogo, umelegea shinani, kama bawa la ndege aliyepigwa jiwe. Si mmoja kati ya wengi. Wote.

“Mwaitu,” nilimwambia juma la kwanza, kwa heshima tunayompa mama yeyote wa umri wake, “huu wa kushoto umelegea.”

“Ee.”

“Kwa wote.”

“Ee. Kwani ulitaka nilegeze kwa wengine peke yake? Hiyo sasa ndiyo itakuwa makosa.”

Safu mbili zilicheka. Akanitazama juu ya miwani yake. “Msichana wa rula,” alisema, na jina hilo likanishika kuanzia siku ile, “uko na macho ama uko na madirisha?”

Aliniita kwenye beseni. Alichukua nzi aliyefungwa na jirani yake, aliyenyooka vizuri, akamfunga uzi na kumvuta ndani ya maji. Nzi alipita kama askari. Kisha akamvuta wa kwake. Huyu aliyumba, akainama kushoto, akajiinua, akatetemeka, akainama tena. Nilihisi huruma au njaa, mpaka leo sijui ni ipi.

“Mwewe akija juu ya vifaranga,” alisema, “hachukui mnono. Anachukua yule ako na mguu mbaya, anayebaki nyuma. Mwenye afya atamchosha bure. Sasa huyo samaki mkubwa wa huko, si ni mwewe tu, sema amelowa?”

Elimu yake yote ya bahari ilikuwa hiyo. Aliipata uani kwake Kalama, akiwa na jembe mkononi, akimtazama mwewe. Aliniambia mwewe huja kutoka upande wa jeraha, kila mara, na ndiyo maana alilegeza upande mmoja tu. “Ukilegeza pande mbili huyo ni maiti. Na mwewe hali maiti.”

Hakula samaki. Watu walipochanga wakaleta ngege wa kukaanga kutoka mjini, yeye alihamia dirishani na viazi vyake. “Siwezi kukula mteja,” alisema.

Alikuwa mtu wa kanisa, wa kiti cha pili kutoka mbele, na aliuchukia uongo kiasi cha kumwaibisha mtu. Ukimwambia umechelewa kwa sababu ya mvua, alitoka nje kuangalia ardhi. Lakini kazi yake mchana kutwa ilikuwa kudanganya, na jambo hilo lilimkereketa. Mwishowe alimwendea mchungaji wake, akamweleza kwamba yeye hutengeneza samaki wa uongo mwenye jeraha la uongo, samaki wa kweli amwamini, na je, hiyo ni dhambi? Mchungaji alicheka, akasema angemwomba kwanza samaki alete mashtaka. Fundi hakulipenda jibu hilo. Alisema mchungaji amekwepa.

Kitu alichokataa kukiamini kabisa ni kwamba samaki wale huachiliwa. Tulikuwa tumeelezwa na meneja: mvuvi akishamfikisha sulisuli ubavuni mwa boti, humtoa ndoano na kumrudisha baharini. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

“Mtu anapanda ndege,” alisema. “Anavuka nchi ngapi. Anapigana na samaki mpaka mkono inakufa ganzi. Halafu anamwambia, haya, nenda nyumbani?”

“Ndiyo, mama.”

“Hapana,” alisema, kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto jina la baba yake. “Wanawaambia nyinyi hivyo.”

Mara mbili kwa mwezi alikuja mchongaji kutoka Wamunyu na mfuko wa vichwa. Nzi wa sulisuli huwa na kichwa kipana kinachosukuma maji na kupiga kelele, na kila mahali vichwa hivyo hukatwa kwa sponji ngumu. Fundi alidai vya mti mwepesi, na kwa nzi wake meneja alikuwa amemruhusu. Mchongaji yule alikuwa amechonga twiga na ndovu tangu ujana, na hakuwahi kuelewa alichokuwa akituletea.

“Nachonga kichwa, nachonga kichwa,” alilalamika, akimwaga mfuko mezani. “Mwili iko wapi?”

“Mwili niko nayo mimi.”

“Na miguu?”

“Haina.”

“Sasa hiyo ni mnyama ama ni ugonjwa?”

Akicheka, Fundi hakutoa sauti. Mabega yalitikisika na miwani ikateleza. Kisha alichukua kichwa kimoja kimoja, akakipima kwa kukiangusha kutoka kiganja cha kulia hadi cha kushoto, akamrudishia mchongaji vile ambavyo, kwa maneno yake, vilikuwa vinafikiria kuzama.

Na zilikuwepo ndoto. Alizileta kazini kama wengine wanavyoleta maparachichi, akatugawia saa ya chai. Aliota bahari imepanda kimya kutoka upande wa Mombasa, haikubomoa kitu, ikajaza tu mabonde, mpaka vilima vya Iveti vikawa visiwa na ng’ombe wakasimama juu yake wakishangaa. Aliota akipalilia mbaazi chini ya maji, jembe likipanda taratibu na kushuka taratibu, na sulisuli wakipita kati ya makonge na matanga yao wazi, buluu, wakimgeukia kama watu wanaokujua lakini hawakumbuki mlikutana wapi. “Hawakuniogopa,” alisema. “Lakini hawakunisalimia pia.” Tukiwa tumeshika vikombe, pamba ya manyoya ikielea kwenye miale ya jua na vumbi la unga likishuka bila haraka, ilikuwa rahisi kuamini kwamba chumba chetu kiko chini kidogo ya kitu kikubwa.

Mwaka mmoja karakana ilipanga safari ya Mombasa. Fundi alishona rinda jipya. Asubuhi ya safari alifika stejini na begi, akasimama huku tukipakia, akaliweka begi chini, akaliinua tena, akageuka kurudi nyumbani. Jumatatu nilimkuta akikoroga chumvi yake.

“Ulituacha, mwaitu.”

“Nikiiona bahari itakuwa hiyo moja,” alisema. “Saa hii niko nazo nyingi.”

Sasa niseme nililofanya.

Mkaguzi aliyenitangulia alikuwa akifumba macho. Mimi nilikuwa mpya, nilikuwa na rula, na wateja walikuwa wameanza kuandika kuhusu mapacha. Nzi wa Fundi niliwarudisha. Aliwafungua, akawafunga upya, vilevile. Nikawarudisha tena. Sinia zake zilipokataliwa mara nyingi, meneja alimpa barua ya onyo, na miezi michache baadaye ya pili. Kila mtu mle ndani alijua kwamba barua ya tatu ni ya kwenda nyumbani.

Nilimwomba aukaze ule unyoya. Nilimwomba kwa Kiswahili, kisha kwa Kikamba changu kibovu. Alinipiga begani kidogo. “Wewe fanya yako, mwana wakwa. Mimi nafanya yangu.”

Basi nikafanya yangu. Chumba changu cha pakiti kilikuwa na birika la umeme. Maji yakichemka, nilimshika kila nzi wake juu ya mvuke, nikaunyoosha unyoya wa kushoto kwa vidole, nikatia tone la gundi shinani, tone lisiloonekana. Likikauka, nzi alikuwa pacha wa wenzake. Amepita, nilisema peke yangu. Amepita, amepita. Nilifanya hivyo kwa miezi mingi, na kila jioni nilikwenda nyumbani na joto la mtu aliyemwokoa mtu. Meneja alifurahi. Alimwambia Fundi mbele ya safu zote kwamba anaona amebadilika. Fundi alidhani ni sisi tuliobadilika, kwamba hatimaye madirisha yetu yamekuwa macho.

Barua ya pwani ilikuja msimu wa sulisuli ulipokuwa katikati. Manahodha wa boti walikuwa wanalalamika, na maneno ya barua ile nayakumbuka kwa sababu meneja aliyasoma mara mbili. Samaki anapanda, anamfuata nzi, anamtazama, anageuka. Nzi wenu wa zamani walikuwa hai. Hawa wamekufa. Pamoja na barua kulikuwa na pakiti iliyorudishwa.

Meneja alimweka nzi mmoja mbele ya Fundi. Fundi alimgeuza kwenye mwanga, akautambua uzi wake, akakitambua kichwa cha mti. Miaka ile macho yake yalikuwa yameanza kuondoka; miwani ilikuwa imebadilishwa mara mbili na bado alikisogeza kila kitu kwanza mbali, kisha karibu. Alinyanyuka, akaenda kwenye beseni, akamvuta nzi majini. Nzi alipita moja kwa moja, kama msumari. Akamvuta tena. Chumba kizima kilisikia maji.

“Ni wangu,” alisema.

“Mikono huzeeka, mama,” meneja alisema, na alisema kwa wema, jambo lililofanya iwe vibaya zaidi. “Si makosa ya mtu.”

“Lakini hapa nikiwavuta walikuwa wanatembea. Niliona.” Alivua miwani, akaifuta, hakuivaa. “Kumbe nilikuwa naona ya zamani.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha pakiti. Nyuma yangu birika lilikuwa likianza kuimba. Ningeweza kusema neno moja. Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria uso wa meneja, nikajiambia nitasema kesho, tukiwa wawili. Nikalizima birika.

Hakungoja barua ya tatu. Aliondoka mwisho wa mwezi ule, na kibano chake kimefungwa ndani ya leso, na beseni akaliinamisha mferejini, maji ya chumvi yakaenda. Alinipa kikopo cha majani ya chai. Ndani alikuwemo nzi mmoja mweupe na waridi.

“Nilimfunga jana,” alisema. “Amekufa kama wenzake, lakini chukua, atakukumbusha rula yako.” Kisha akaitazama mikono yake, na kwa mara ya kwanza hakuiita chochote. “Imesahau,” alisema.

Nzi yule sikumgusa. Unyoya wake wa kushoto ulikuwa umelegea pale pale ulipopaswa kulegea. Mimi pia niliiacha karakana mwaka uliofuata, nikaanza kuandika, na kikopo kikahama nami kutoka chumba hadi chumba. Kwa miaka mitatu sikwenda Kalama. Ni mwendo mfupi kutoka mjini.

Mwaka huu nilikuwa Watamu kwa siku chache na marafiki, na kikopo kilikuwa ndani ya begi langu. Ufukweni nilizungumza na nahodha mmoja, mtu mfupi mwenye nyusi zilizopaushwa na jua. Nilipokifungua kikopo aliinama juu yake.

“Dada, huyu umemtoa wapi?”

“Machakos.”

“Najua ni Machakos. Nauliza umemtoa wapi, maana hawa waliisha. Walikuwa wanaliwa mpaka tunaona haya. Halafu wakaja wale maiti.” Alimgeuza nzi kwenye kiganja. “Kesho nina mgeni mmoja tu, bibi mtu mzima, hana makuu. Njoo.”

Tulitoka alfajiri. Bahari ilikuwa laini, ya rangi ya chuma kisha ya rangi ya maziwa, na nchi kavu ilitoweka bila kuaga. Nyuma ya boti baharia alikokota vivutio visivyo na ndoano, vipande vya tumbo la samaki vilivyofungwa kambani, virukeruke juu ya maji. Bibi mgeni alikaa na fimbo yake magotini, nzi wa Fundi akining’inia mwishoni mwa uzi. Saa nyingi zilipita bila kitu. Nadhani nilisinzia macho yakiwa wazi. Niliona mabonde yaliyojaa maji na mtu akipalilia chini.

Kisha nyuma ya kivutio maji yalipata kivuli, na kivuli kikapata rangi. Sulisuli akiwinda huwaka. Milia ya buluu iliwashwa ubavuni mwake kana kwamba mtu amepita na taa ndani yake, na tanga likainuka, pana kuliko nilivyowahi kuliota. Baharia alikivuta kivutio kwa haraka, samaki akikifuata kwa hasira. Nahodha akaitoa injini kwenye gia, boti ikanyamaza. Kivutio kikaruka kutoka majini, kikatoweka, na samaki akabaki akizunguka, akitafuta kilichokuwa chake. Bibi akarusha.

Nzi alitua upande wa kushoto wa samaki. Bibi akavuta mara moja. Aliyumba, akainama, akajiinua. Nilikuwa nimeona jambo lile mara nyingi ndani ya beseni la buluu, na sikuwahi kuliona. Sulisuli hakumjia kutoka mbele. Alimzunguka kwa nyuma, bila haraka, mpaka akaufikia upande uliolegea, na ndipo akageuza kichwa na kumchukua.

Sitaeleza vita. Vilichukua muda, na bibi yule alilia kidogo mwishoni, akacheka. Walimshika samaki ubavuni mwa boti, wakamtoa ndoano, baharia akamkokota taratibu maji yapite matamvuani, mpaka rangi ikamrudia. Kisha akamwachilia. Nikamwona akienda zake chini.

Nilimfikia Fundi Jumamosi iliyofuata, asubuhi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, ungo mapajani, akimenya mbaazi. Hakuwa akitazama. Vidole vilipasua ganda, vikasukuma punje, vikatupa ganda, vikatafuta jingine. Nilisimama kidogo nikiitazama mikono ile ambayo ilikuwa imesahau.

“Nani huyo anasimama kama kiangazi?”

“Ni mimi, mwaitu. Msichana wa rula.”

“Aiya.” Alinyoosha mkono, akanishika usoni badala ya kunipa salamu, kwa sababu macho yalikuwa yamebakiza mwanga na vivuli tu. “Umekonda. Ama ni rula unakula?”

Tuliongea mambo ya mvua. Kisha nikakitoa kikopo, nikamwekea nzi kiganjani. Vidole vyake vilimpitia kuanzia kichwani. Vilisimama.

“Huyu ni wangu. Wa mwisho.” Akamgusa tena. “Lakini ameumwa. Kichwa imekwaruzwa.”

“Ameumwa na sulisuli. Nilikuwa hapo.”

Kidole chake kilirudi kwenye mikwaruzo. Kuku alipita kati yetu.

“Huyu si alikuwa amekufa,” alisema. “Barua ilisema wamekufa. Mimi mwenyewe nilimvuta mwenzake kwa maji.”

Nikamwambia. Birika, mvuke, vidole vyangu, tone la gundi. Nikamwambia kuhusu mlangoni, nilivyolizima birika nikanyamaza. Sikueleza kwa nini, kwa sababu hakuuliza, na kwa sababu sababu zote nilizokuwa nimeziandaa njiani zilikuwa zimekwisha.

Aliusogeza ungo wa mbaazi kando. Kisha akamweka nzi chini, akainyoosha mikono yake mbele yake, viganja juu, akaigeuza, akaielekeza kwenye mwanga, kama mama anayewatazama watoto aliowachapa bila kosa.

“Miaka mitatu,” alisema. “Wakitaka kazi nawaambia, nyamazeni, nyinyi mlisahau. Wakitaka kushona nguo, nakataza. Nimewapatia mbaazi tu.”

“Nisamehe, mwaitu.”

“Ngoja,” alisema. “Bado sijafika kwako.”

Alinituma ndani. Kibano kilikuwa chini ya kitanda, bado ndani ya leso, pamoja na uzi, ndoano chache na kichwa kimoja cha mti. Manyoya aliyatoa kwa jogoo wake mwenyewe, ambaye alipiga kelele za mtu aliyedhulumiwa. Alinifanya nimimine jagi la maji kwenye sufuria, siku ambayo pipa lilikuwa nusu, na akatia chumvi kwa mkono wake, akaonja, akaongeza. Nilikifunga kibano kwenye ukingo wa benchi, nikatunga uzi. Zaidi ya hapo hakuniruhusu.

Alifunga kwa kugusa. Alianza vibaya, uzi ukakatika, akamwuliza wa kulia ana haraka gani na amelala miaka yote hiyo. Akaanza tena. Kivuli cha nyumba kilisogea mpaka miguuni mwetu. Nilimweleza habari za samaki huku akifunga: rangi zilivyowaka, tanga, nzi alivyoinama.

“Alimjia upande gani?”

“Kushoto. Alimzunguka mpaka akafika kushoto.”

Aliitikia kwa kichwa polepole, wala si kwangu. “Na mwisho walimwachilia?”

“Walimwachilia. Nilimwona akienda.”

“Kumbe ni kweli,” alisema, akaukaza uzi. “Nesa. Ni vizuri.”

Alipomaliza alimng’oa nzi kwenye kibano na kuniwekea mkononi. “Haya. Kagua.”

Kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye unyoya wa kushoto. Ulikuwa umelegea. Nilikirudisha. Nilimfunga uzi nikamvuta ndani ya sufuria, akayumba, akainama, akajiinua, akatetemeka kama kitu kinachotaka sana kuishi.

“Amepita,” nilisema.

Aliinyanyua mikono yake yote miwili, akanisogezea karibu na uso, imelowa, ina harufu ya gundi na mbaazi.

“Usiniambie mimi,” alisema. “Ambia wasichana.”

Nikawaambia.